Leta Kwanza Ile ya Zamani

Lenox hakuwa na duka Kirinyaga Road, lakini hakukuwa na duka hapo ambalo hakuliita lake. Mteja akisimama mlangoni akishangaa, Lenox alitokea ndani akijipangusa mikono isiyokuwa na mafuta yoyote, akasema, "Karibu kwangu." Mwenye duka aliendelea kunywa chai yake. Broka ni kama nzi wa nyama: ukimfukuza anaenda kwa jirani, na mteja anaenda naye.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, alichokiona kwanza kilikuwa daftari. Nyuma ya daftari alikuwapo mzee wa Kihindi, sweta ya kufumwa kwa mkono, penseli juu ya sikio, akimsomea muuzaji habari za giaboksi: meno ya shafti mangapi, petroli au dizeli, transfa ya kugawa nguvu kwa magurudumu yote inashika wapi kwa nyuma. Muuzaji alikuwa akipiga miayo bila kuziba mdomo.

Lenox alipiga hesabu yake haraka. Mtu anayejua kitu haandiki. Anayeandika ana wasiwasi. Mwenye wasiwasi ana pesa. Falsafa hiyo haifundishwi chuo kikuu chochote, na labda ni heri.

"Sasa mzee wangu! Hapo utapoteza siku. Huyo anauza za magari ya teksi."

"Na wewe unauza nini?"

"Mimi siuzi, mzee. Mimi natibu."

Mzee alicheka, na mzee akicheka nusu ya kazi imeisha. Jina lake lilikuwa Rasiklal. Alikuwa ametengeneza miwani miaka arobaini kabla ya kustaafu, na sasa alikaa Loresho na mkewe, Hemlata, pamoja na gari kuukuu la fobaifo, la kusukumwa na magurudumu yote manne, la mwaka themanini na nne. Gari hilo ndilo lililowapeleka Loita kutazama ndege, kwenye barabara ambazo hata mbuzi huzifikiria mara mbili. Kwa miezi minane halikuwa limetoka gereji.

"Ukiweka gia ya tatu, inaruka," alieleza. "Mama lazima ashike gia na mkono mpaka Narok."

"Pole sana."

"Sasa tunataka nyingine, na hatusikizani. Yeye anasema gia nne, ya kwanza iwe nzito, ya kupanda mawe. Mimi nasema tano. Dunia yote iko na tano!"

"Dunia yote, mzee," Lenox alikubali kwa uchungu, kana kwamba alikuwa ametoka kuizunguka. "Mimi niko na moja ya tano, kutoka Japani, inashuka bandari hii wiki. Lakini siwezi kukudanganya. Lazima nione ile yako kwanza. Nichukue sampuli."

Mzee aliandika: sampuli.

Ni lazima tuseme hapa kwa nini Lenox alimkamata samaki huyu kwa mikono miwili. Miaka kumi alikuwa broka wa kusimama. Ofisi yake ilikuwa viatu vyake, na mwaka huo ofisi ilikuwa imetoboka chini. Sasa kibanda kimoja nyuma ya stendi ya mikokoteni kilikuwa kinaachwa, kibanda cha mabati chenye rafu tatu, soketi ya umeme na mlango wa kufunga kwa kufuli. Mwenyewe, Kinyanjui, alitaka gudwili, yaani pesa ya kumwachia mtu kibanda, laki moja na ishirini, mkononi, kabla ya saa kumi Jumamosi. Lenox alikuwa ameweka elfu sabini, shilingi kwa shilingi, kwa miaka hiyo yote. Alikitaka kibanda hicho kuliko alivyowahi kumtaka mwanamke. Usiku aliota anafunga ule mlango, anatia ufunguo mfukoni, anaenda nyumbani.

*

Jumanne alipanda Loresho. Fundi alikuwa ameshalala chini ya gari: Were, wa Kangemi, mtu wa maneno machache aliyelitengeneza gari hilo tangu akiwa na nywele. Ukutani mwa gereji kulikuwa na rafu ndefu, na juu yake vyuma vichakavu vimepangwa kama vitabu: plagi, bereki pedi, bomba la maji, kila kimoja na kikaratasi chenye tarehe. Lenox alivitazama akasikitika. Alisema moyoni kwamba matajiri wengine hawajui kutupa takataka.

Mama Hemlata alikuwa barazani akichambua majani ya uwatu. Alimsalimia kwa kichwa, akaendelea.

Giaboksi iliposhushwa, Lenox aliwasha tochi ya simu akaimulika kila upande. Hakujua alikuwa anaangalia nini. Miaka kumi alikuwa ameuza vyuma hivyo bila kujua kimoja kinafanya nini, kama vile karani wa ndoa asivyolazimika kuoa. Alivuta pumzi ndefu, akazima tochi.

"Pole, mama. Hii imekufa."

"Imekufa?"

"Imekufa na ukoo wake."

"Were?" mama aliuliza.

Were alikuna kidevu. "Imechoka, mama. Hiyo ni ukweli."

Wakakubaliana laki moja na nusu kwa ile ya Japani, elfu thelathini mbele, salio ikishafungwa. Lenox aliandika risiti kwa mwandiko wa kujionyesha, na kwa kuwa ulimi wake haukuwa na bereki, akaongeza chini bila kuombwa: *Mali ikikataliwa inarudi kwa mwenyewe, Lenox, bila maneno.* Akatia sahihi yenye mikia miwili. Kisha akaipakia ile giaboksi kuukuu kwenye pikapu ya kukodi, akaondoka nayo kama sampuli.

Safari ya Japani ilichukua siku moja na nusu, na ilifanyika nyuma ya choo cha kulipia karibu na Kirinyaga Road. Lenox aliosha giaboksi ile ile kwa petroli na brashi ya viatu. Akaipiga rangi ya silva, makopo mawili. Akaimiminia oili nzito iliyokorogwa na unga wa mbao, ambao hunyamazisha meno mabovu kwa kilomita mia hivi, muda wa kutosha broka kubadilisha laini ya simu. Akabandika stika yenye maandishi ya Kijapani aliyoibandua kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali. Ilisema nini, Mungu ndiye ajuaye. Yumkini ilionya isitumbukizwe majini.

Ikabaki shida ya gia ya tano, kwa sababu giaboksi ilikuwa na nne, na rangi haizai gia. Lenox alinunua kirungu cha gia kilichochorwa namba moja hadi tano. Shilingi mia mbili.

*

Alhamisi Were aliifunga; alipofika kwenye bolti moja alitua kidogo, akaitazama, akaendelea. Mzee Rasiklal alipanda garini kama bwana harusi. Akatia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ikakaa! Akapiga honi kwa furaha.

"Na tano, Lenox? Tano haiingii."

"Hiyo mzee haiingii saa hii. Ni mali mpya. Ya tano inajifungua yenyewe ukimaliza kilomita elfu moja."

"Yenyewe?"

"Wajapani, mzee. Unawajua."

Mzee aliandika: *kilomita 1,000.* Barazani mkono wa mama ulisimama juu ya uwatu. Aliinuka, akafuta mikono, akamtoa mumewe kwenye usukani, akaendesha gari mpaka getini na kurudi, polepole, kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, kichwa kimeinama upande. Kisha akazima injini.

"Nzuri," alisema. "Nimependa rangi."

Lenox akanyoosha mgongo. "Asante mama. Sasa ile salio..."

"Leta kwanza ile ya zamani."

"Ile gani?"

"Giaboksi yetu. Hapa kwetu kitu kikitoka kwa gari, kinarudi kwa nyumba. Hata balbu." Alionyesha ile rafu ndefu. "Baba yangu alikuwa hivyo. Ndio unajua kweli umebadilishiwa."

Kirinyaga Road ina sheria yake isiyoandikwa: ya zamani hubaki na broka, ndiyo chai yake, na hakuna mteja wa mjini aliyewahi kuiulizia. Hakufikiri kwamba kupanda hatua chache kutoka Waiyaki Way kungemtoa katika nchi ya sheria hiyo.

"Mama, ile ni skrapu. Nitakusumbua nayo bure."

"Nisumbue. Na usiniletee ingine. Were aliifungua mwaka jana, na ninajua ilivyo." Akachukua daftari la mumewe, akaandika, akachana ukurasa. "Gia nne. Ya petroli. Ya kwanza ni nzito: unageuza shafti ya mbele mara sita ndio ya nyuma inazunguka moja. Meno yote mzima. Kwa bolti ya oili hakuna unga ya chuma. Ilikuwa inaruka tatu sababu ya ile fimbo ya gia ya juu tu, na fimbo tumebaki nayo. Were ataikagua mbele yako. Ikiwa ni hiyo, unapata laki na ishirini hapo hapo."

Lenox aliusoma ukurasa. Ndani ya ile aliyoipaka rangi, kama angekuwa mtu wa kujua, hakukuwa na jino hata moja zima. Lakini yeye angejuaje? Na kama mama alikuwa amekosea, kosa hilo sasa lilikuwa deni lake yeye kulitimiza. Alikunja karatasi.

"Kesho, mama. Ama kesho kutwa asubuhi."

*

Basi ndivyo ilivyotokea kwamba Lenox, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kuchagua giaboksi.

Ijumaa nzima alizunguka. Maduka aliyoyaita yake yalimwonyesha vyuma, na kila chuma kilikuwa na kasoro. Moja ilikuwa ya dizeli. Nyingine ilikuwa na gia tano, za kweli, hata akaiangalia kwa uchungu. Broka mwenzake mmoja alimletea iliyong'aa kwa rangi mbichi ya silva, akamwapia kwamba imetoka Japani wiki ile, na Lenox alikasirika kwelikweli.

"Huna haya? Unaniuzia mimi rangi?"

"Tulia, Lenox. Nilidhani ni ya mteja."

Saa tisa mtu akamwelekeza Riruta, kwa Veronicah, mwanamke aliyeuza giaboksi za magari makuukuu katika ua mmoja nje kidogo ya Naivasha Road. Veronicah alikuwa na ovaroli, kilemba, na macho yasiyochekacheka. Alisoma ukurasa wa mama mara moja, akamtazama Lenox kutoka viatuni kwenda juu.

"Hii imeandikwa na nani?"

"Mimi."

"Wacha uongo. Hii imeandikwa na mtu anajua." Akamkokota hadi nyuma, akavuta turubai. "Iko moja. Imetoka kwa gari ya shamba Molo. Haya, kagua."

Lenox aliwasha tochi ya simu.

"Hujui kukagua?"

Kulikuwa na uongo kumi na mbili uliokuwa tayari ulimini mwake, lakini muda wa kibanda ulikuwa unaisha kesho saa kumi, na hakukuwa na wakati. "Sijui," alisema.

"Chuchumaa hapa."

Alimfundisha kama mtoto. Alimtia shafti mkononi, akamwambia aitikise: ikicheza, achana nayo. Akamwekea gia ya kwanza, akamwambia ageuze mbele na ahesabu. Lenox aligeuza. Mara ya sita, shafti ya nyuma ikakamilisha mzunguko wake mmoja, taratibu, kwa uzito, na Lenox akasikia kitu cha ajabu kifuani, kitu kinachofanana na heshima. Akafungua bolti ya oili. Sumaku yake ilikuwa safi. Akanusa oili kama alivyoambiwa: haikunuka kuungua. Akaingiza ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilishika kwa mlio mmoja mfupi. Alirudia mara mbili. Mara ya pili hakuambiwa.

"Transfa itakubali kushika hapa nyuma?" aliuliza.

Veronicah alimtazama tena, safari hii kwa uzuri kidogo. "Sasa umeanza kuongea. Itakubali. Elfu mia."

"Themanini."

"Elfu tisini, na hiyo ni juu umeuliza swali moja ya maana."

Alikuwa na laki kamili mfukoni: sabini zake na thelathini za mzee, kwani rangi na pikapu vilikuwa vya mkopo. Akimpa Veronicah tisini atabaki na kumi. Mama akimpa laki na ishirini, kibanda ni chake na chenji juu. Alihesabu noti moja moja, na kila noti aliijua ilikotoka.

Jioni aliitesa giaboksi ile nzima aliyoilipia. Aliipaka matope, akaimwagia oili chafu, akaisugua na makaa, akaikwaruza kwa nyundo mpaka ikaonekana imekula miaka arobaini ya vumbi. Moyo ulimuuma. Hakuwahi kuharibu sura ya kitu kizuri. Siku zote kazi yake ilikuwa kinyume.

*

Jumamosi saa nne alikuwa Loresho. Were aliikagua barazani juu ya gunia, kwa ukurasa mkononi. Aligeuza, akahesabu, akafungua, akanusa. Lenox alikuwa akimhesabia midomo ikicheza.

"Ni hiyo?" mama aliuliza.

"Kila kitu iko vile umeandika," Were alisema.

"Bwana Lenox, hii ni giaboksi yetu? Ile ya zamani?"

"Kabisa, mama! Ningekuletea ya nani?"

"Una hakika? Si yako?"

"Mama! Mimi nitatoa wapi kama hii? Hii ni yenu. Naapa kwa kaburi ya nyanya yangu." Nyanya yake alikuwa hai, Kakamega, akivuna maharagwe.

"Na ile ya silva ndani ya gari?"

"Hiyo ndio yangu, kutoka Japani. Ukishalipa inakuwa yenu."

Mama akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Lenox akanyoosha kiganja. Kilichotoka kilikuwa risiti, ile ile, yenye sahihi ya mikia miwili.

"*Mali ikikataliwa inarudi kwa mwenyewe, Lenox, bila maneno,*" alisoma. "Nimeikataa. Were, toa ile ya silva umpe mwenyewe. Halafu utufungie hii yetu."

Lenox aliitazama risiti: mwandiko ulikuwa wake. Alitaka kusema kwamba ile iliyo juu ya gunia ilikuwa yake, ameilipia, noti kwa noti. Lakini kama hiyo ni yake, basi ya kwao iko wapi? Iko garini, imepakwa rangi. Alizunguka ndani ya swali hilo kama panya ndani ya debe, na kila upande ulikuwa laini.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Tangu lini?"

"Nimeendesha hiyo gari miaka thelathini na moja. Mzee akikoroma kwa chumba ingine, mimi sijui ni yeye?" Hakuwa na hasira; ndiyo iliyomuuma zaidi. "Miaka minne tunatafuta giaboksi. Kila broka wa hapo mjini ametuletea rangi. Nikasema, huyu mtu hawezi kunichagulia mimi mzuri. Lakini akijichagulia yeye, na pesa yake, atachagua vizuri. Na umechagua vizuri sana, Lenox. Sijaona mzuri kama hii."

Sifa hiyo, tuseme ukweli, ilimwingia. Ilimwingia mpaka macho yakamwasha.

"Ile elfu thelathini kaa nayo," mama aliongeza. "Ni ya kazi ya kuchagua. Mimi si mwizi."

Mzee Rasiklal, aliyekuwa akifuatilia yote akiwa ameshika daftari, aliinua penseli. "Lakini Hemlata, hii iko na gia nne."

"Ndiyo. Ya kwanza nzito."

"Na ile ya tano?"

"Imerudi Japani," alisema mama, akaingia ndani kuweka chai.

*

Were alimsaidia kuisukuma ile ya silva kwa mkokoteni hadi Kangemi, na mahali pa mteremko akamwambia ashike vizuri. Simu ililia walipofika Waiyaki Way. Ilikuwa Kinyanjui: kuna kijana amekuja na pesa yote, je, amngoje Lenox hadi saa kumi?

Lenox aliangalia magari yakipita. Aliona ule mlango wa bati, soketi, zile rafu tatu.

"Mpe," alisema, akakata simu, na akakaa kidogo juu ya mkono wa mkokoteni.

Nyuma ya soko la Kangemi kuna mnunuzi wa vyuma chakavu aitwaye Kitheka, mtu wa mizani na cheko. Alikwaruza giaboksi kwa bisibisi, silva ikatoka kama ngozi ya kiazi. Akalegeza bolti ya oili, uji wa unga wa mbao ukateremka juu ya kiatu chake. Kitheka alicheka mpaka akashika mizani.

"Ndugu yangu, hapa ulipigwa! Rangi, stika, na unga ya mbao? Hii ni kazi ya mjinga fulani wa Kirinyaga Road."

Lenox alijikuta amevimba. "Huyo si mjinga. Angalia vile amepiga hiyo rangi. Hakuna tone imeshuka."

"Sawa, si mjinga." Kitheka alifuta machozi, akaanza kupanga mawe ya mizani. "Basi mjinga ni nani?"

Lenox alisubiri bei kwa kilo.